Sisi Tunapita Tu

Kengele ya baiskeli yangu ilikuwa na kazi moja tu, kuomba watu wavute miguu. Nikiukaribia ule mti wa mkoma ulioanguka naigonga mara moja, kwa upole, na miguu inaanza kurudi kivulini: ya watoto kwanza, kisha ya wanawake, mwisho ya wazee, ambao walivuta mguu mmoja na kuuacha mwingine, maana na wao walikuwa na heshima yao. Huo mguu uliobaki nilikuwa nauzunguka. Alasiri nikirudi, mambo ni yale yale. Wenzangu wakisimulia miaka ile ya vita vya shifta, serikali na waasi wa kaskazini, huanza na milio ya bunduki. Mimi naanza na miguu.

Njia yenyewe haikuwa na jina. Ilianza nyuma ya maduka ya Garissa, ikateremka hadi Mto Tana, ikafuata ukingo katikati ya mikoma mpaka kwenye mashamba ya ndizi, na shule niliyofundisha ilikuwa kabla kidogo ya mashamba hayo. Zamani ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Ng'ombe walipopungua tukaichukua sisi wenye baiskeli: walimu, dresa wa hospitali, tarishi mmoja mwenye hasira, na wauza ndizi waliofunga mikungu nyuma hadi baiskeli ikainua gurudumu la mbele. Katikati udongo ulikuwa umeshindiliwa, mzuri kwa tairi, na hapo tulipafanya petu. Kandoni kulikuwa na mchanga, na huo tuliwaachia waendao kwa miguu. Walitulaani kila siku na walikuwa na haki, maana hakuna apendaye kutembea kwenye mchanga ilhali udongo mgumu upo. Gari la jeshi halikuweza kuingia kwa sababu ya miti. Lilisimama juu, karibu na maduka, askari wakashuka kwa miguu. Nadhani ndiyo sababu wale watu waliichagua njia ile.

Walikuwa wafugaji. Nalisema hilo mapema kwa sababu leo ukisema watu wasio na makazi, msikilizaji anaona ombaomba wa stendi. Hawa walikuwa na ngamia mwaka mmoja tu nyuma. Wengi walitoka upande wa Habaswein, wengine mbali zaidi, kulikuwa hata na familia ya Waborana iliyotoka Buna na haikuelewana na mtu yeyote ila kwa Kiswahili cha vidole. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mifugo itakayoonekana nje ya sehemu zilizoruhusiwa itahesabiwa kuwa ya shifta. Ngamia hasikilizi tangazo. Anafuata majani, na mwenye ngamia anamfuata ngamia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Waliobaki bila mnyama walitembea hadi mtoni, kwa sababu mtoni kuna maji na kivuli, na hivyo viwili havikuhitaji kibali.

Ukiwauliza, hakuna aliyekaa pale. Wote walikuwa wanapita. Walipita kiangazi, wakapita mvua za masika, na wapo waliozaa watoto wakiwa wanapita. Kila asubuhi tulisalimiana kama tunavyosalimiana kwetu, "Ma nabad baa?", yaani ni amani? Nao walijibu "Nabad", amani, wakiwa wamelala chini ya mti na nchi yote inawaka. Nami nilijibu hivyo hivyo. Ilikuwa inachosha, amani ile. Ilinichosha kuliko kupanda baiskeli.

Mimi nilizaliwa mjini hapo, mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo. Nilisomea ualimu pwani, nikarudi na Kiswahili kilichowafanya watu wa nyumbani wanicheke kwamba sasa ninaongea kama kadhi. Kwa sababu ya Kiswahili hicho kila mtu alinitumia. Askari wakitaka kusema na raia, mwalimu njoo. Raia wakitaka kusema na askari, mwalimu njoo. Nilikuwa naomba Mungu siku moja wakutane wote bila mimi waone watafanya nini.

Chini ya ule mkoma ulioanguka alikuwa na sehemu yake mama mmoja mtu mzima, mwembamba, mwenye macho makali. Siku ya kwanza nilimwita mama. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, mtoto wa nani, mtoto wa nani, akapanda nami hadi kwa mababu ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewasahau, kisha akatangaza kwamba ukoo wake na wa baba yangu unakutana mahali huko nyuma. Kwa hiyo yeye ni eeddo wangu, shangazi wa upande wa baba. Sikuwa na njia ya kuhakikisha na sikujaribu. Tangu siku hiyo hakuvuta tena miguu nilipogonga kengele, maana shangazi havuti miguu kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Nilikuwa nashuka na kuikokota baiskeli mchangani kumzunguka.

Alikuwa na mikeka, chombo cha maziwa cha kusukwa, na mzigo wa fito. Fito hizo zilikuwa za aqal, ile nyumba ya mikeka ambayo mwanamke wa kifugaji huipakia juu ya ngamia na kuijenga mwenyewe wanapofika malishoni. Majirani zake wote walikuwa wameshafungua fito zao na kujisimamishia vibanda. Yeye alizilaza kando zikiwa zimefungwa kwa kamba ya ngozi, fundo juu ya fundo, tayari kupakiwa kwa ngamia ambaye hayupo, akalala chini ya mkeka uliotundikwa kwenye shina. Mvua ikinyesha analowa.

"Eeddo, zifungue," nilimwambia. Tulikuwa tukizungumza Kisomali.

"Nikizifungua nitakuwa nimehamia hapa," akasema. "Mimi sijahamia. Napita."

Na kila asubuhi alikifukiza kile chombo cha maziwa. Alichukua vijiti vyenye makaa, akavitia ndani, akakitikisa, akatoa majivu, akafunika, kama afanyavyo mwanamke anayetarajia kukamua. Hakikuwa kimeona maziwa kwa muda mrefu. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ananawa.

Aliyekuwa akingojewa si ngamia. Alikuwa na binti mmoja, mkubwa, hajaolewa. Askari walipowakuta kisimani, huko upande wa Habaswein, watu walikimbia kila mmoja na njia yake, na binti akawakimbilia ndama. Mama akampigia kelele neno moja tu la kukutania: mtoni, kwenye mkoma ulioanguka. Ngamia wao walikuwa wakinyweshwa hapo miaka ya amani, na binti alipajua tangu utotoni. Basi mama alikuja akakaa kwenye neno lake. Akiondoka pale, binti akija atakuta mti mtupu. Hilo tu ndilo lililomshika. Si kivuli wala maji, wala si ukaidi, ingawa ukaidi pia alikuwa nao.

Darasani nilikuwa nafundisha pa pe pi po pu. Kisomali hakina p, na v kinaifanya f, kwa hiyo nilikuwa nafundisha ba be bi bo bu, nipende nisipende. Watoto walisoma "baka amelala juu ya meza" na "kalamu iko haba", na siku moja mtoto alinisomea kwa sauti ya fahari kwamba baba ni samaki mkubwa mwenye meno makali. Nilicheka mpaka nikakaa. Siku nyingine nilikuwa sina nguvu ya kucheka, nikawaacha waseme walivyotaka. Niliona haidhuru, kwamba b mahali pa p ni kosa dogo ambalo halijamwumiza mtu.

Askari aliyekuwa akishuka njia yetu mara nyingi alikuwa koplo mmoja, mtu wa milimani, kwao kuna baridi na majani chai. Hakuwa mbaya. Alikuwa na malaria ya kila mara na viatu vilivyombana. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kuazima kama ilivyokuwa yetu, na alikiazima kwa namna yake: b ya kwao haigongani midomoni, inapulizwa tu, inakaa katikati ya b na v. Akimwita bibi husikii bibi, unasikia vivi. Eeddo alikuwa "vivi" wake. Yeye naye alifurahia, akidhani ni cheo.

Upande wa pili wa mkoma alikaa mzee mmoja, jirani wa Eeddo, mpole, aliyekuwa akisuka kamba kutwa na kuwapa watoto wachezee. Asubuhi moja nilipofika niliona watu wamesimama. Koplo alikuwa hapo na askari wengine, na juu karibu na maduka lori lilikuwa linanguruma. Amri mpya ilikuwa imetoka kwamba watu waliotawanyika wakusanywe kwenye kijiji chenye uzio, nje ya mji, ambako wataingia na kutoka kwa kuitwa. Koplo alikuwa anauliza tu, kwa sauti ya mtu mwenye homa.

"Mzee, mnafanya nini hapa?"

"Tunabita tu, afande," mzee akasema.

Koplo akainua kichwa. "Mna nini?"

Mzee, kama sisi sote tunavyofanya tusipoeleweka, akaongeza sauti. "Tunabita! Sisi yote haba tunabita!"

Niliona uso wa koplo unabadilika, na nikaelewa kabla sijaiegemeza baiskeli. Sikio lake lilikuwa limesikia tuna vita. Akamsogelea mzee, akamuuliza polepole, akimpa nafasi. "Mna vita? Ninyi mna vita?" Lakini neno vita kinywani mwa koplo lilitoka limepulizwa kama ile b yake, na sikio la mzee, ambalo halina v wala p, lilisikia bita. Alifurahi kwamba hatimaye wameelewana. Akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Ndiyo, afande. Bita. Bita tu."

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili cha pwani, chenye p na v kila moja mahali pake. Wakati huo sajini alikuwa ameshashuka kutoka kwenye lori kuona kuna nini, na mbele ya sajini koplo hakuweza tena kuwa amekosea kusikia. Niliambiwa, mwalimu, panda baiskeli yako. Mzee alikwenda nao akiwa ameshika kamba yake, anatazama nyuma kuelekea kwetu kama anayeuliza amesema nini kibaya. Baadaye tulisikia yuko ndani ya uzio, mzima, ila haongei Kiswahili tena hata akiulizwa jina lake. Sikumlaumu mtu sana. Nilikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa imechoka, haikujua imshike nani koo, mzee, koplo, au herufi.

Siku ile ile alasiri Eeddo alinisimamisha. Safari hii aliuweka mguu njiani makusudi.

"Nifundishe neno lile," akasema. "Lile ambalo halipeleki mtu kwenye lori."

Nilimwambia ni lile lile, ila lisemwe vizuri. Akaniona mjinga, lakini akakaa. Nilichukua majivu aliyoyatoa kwenye chombo cha maziwa, nikayaweka kiganjani mbele ya midomo yake. Nikamwambia: ukisema p, majivu yanaruka. Yakibaki mkononi, umesema b. Aliyatazama majivu, akaitazama midomo yangu.

"Yaani Waswahili hawaelewani mpaka watemeane mate?"

"Sema, Eeddo. Pita."

"Bita."

"Majivu yamebaki."

"Yamebaki kwa sababu ni yangu," akasema, na watoto wakacheka. Alikuwa mwanafunzi mgumu kuliko wote niliopata kufundisha. Alisema nimemshikia kiganja mbali, alisema meno yake yaliyong'oka ndiyo yanavujisha herufi, alisema Mungu angetaka Wasomali waseme p angewapa. Lakini kila alasiri nikirudi alikuwa amenibakizia majivu ya asubuhi kwenye jani. Nami kila alasiri nilitamani kumpita moja kwa moja niende nyumbani nikanywe chai nilale, kisha nikashuka. Mpaka siku moja akasema "pita" na majivu yakaniingia jichoni. Alifurahi kupita kiasi. Tangu hapo p ilimkaa, akaipachika kila mahali. Alinisalimu hapari ya asupuhi. Aliniuliza paiskeli yangu ni ya nchi gani. Koplo alipopita alimwita pwana.

Nilifurahi, sitasema uongo. Katika miaka ile hapakuwa na mambo mengi ambayo mtu alianza akayamaliza.

Lori lilirudi baada ya mvua. Nilikuwa naelekea shuleni, na koplo alikuwa amenitangulia, amesimama mbele ya mkoma, macho ya manjano kwa ile malaria yake. Wengine walikuwa wameshaanza kupanda kuelekea maduka na mikeka yao vichwani. Eeddo alikuwa anakifukiza chombo chake, hana haraka.

"Vivi," koplo akasema, "unakaa hapa?"

"Hapana, pwana," akasema Eeddo. "Mimi napita tu."

Lilitoka safi. Kiganja kingekuwapo, majivu yangeruka mpaka mtoni. Nilijiona nimevimba kichwa. Koplo alitabasamu kidogo, kisha akageuka kutazama juu lori lilikosimama, akarudi kumtazama mama, akafikiri. Akaniita pembeni.

"Mwalimu, amri yangu inasema niwapakie wanaokaa hapa. Haisemi wanaopita. Huyu vivi amesema anapita, na nimemsikia vizuri. Basi na apite. Mwambie aondoke sasa hivi, kabla sajini hajashuka."

Alikuwa anamfanyia hisani, na aliamini hivyo. Hata leo sina la kumsuta. Nilimwendea Eeddo nikamweleza kwa Kisomali. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado juu ya kifuniko cha chombo.

"Mwambie nimesema napita," akasema. "Sikusema napita leo."

Nilimtafsiria koplo. Akaanza kucheka, kisha akaacha. "Leo," akasema, na akatazama tena juu.

Kulikuwa na lori na kulikuwa na njia. Ndani ya uzio binti asingeweza kuingia kumtafuta, tulijua, na aliyeingia hakutoka alivyotaka. Eeddo alisimama. Alijifunga mikeka mgongoni, akaning'iniza chombo cha maziwa begani. Fito hazibebeki bila ngamia, ni ndefu na nzito, kwa hiyo alizisukuma kwa mguu hadi ubavuni mwa mkoma.

"Zichunge hizi," akaniambia. "Nitafika kwenye mashamba nikae mpaka gari lao liondoke. Alasiri nitarudi. Binti akija kabla yangu, asitoke hapa."

Tuliondoka pamoja. Nilikokota baiskeli mchangani, yeye akatembea katikati, penye udongo mgumu, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akitembea hapo. Alikuwa anatembea vizuri, hatua ndefu, mtu aliyezoea safari. Aliniuliza kama watoto wangu darasani nao wanaweza kusema p. Nikasema wengine. Akasema niwape majivu. Tulipofika kwenye lango la shule nikamwambia tutaonana alasiri, naye akasema inshallah, akaendelea. Niliingia darasani nikafundisha.

Alasiri hakuwapo mkomani. Nilidhani lori limechelewa kuondoka na yeye amekaa mbali kwa tahadhari. Siku iliyofuata nilikwenda hadi mwisho wa mashamba. Muuza ndizi mmoja alikuwa amemwona amepumzika chini ya mkuyu na akampa ndizi. Mwingine alimwona akipita kona ya mto, na askari wa upande ule wakimwambia asisimame, kwao nako ni marufuku kukaa. Huenda huko nako aliulizwa, akajibu kwa p iliyonyooka, na akaambiwa apite. Baada ya kona hakuna aliyeona kitu. Mtoni kulikuwa na mamba na viboko, porini kulikuwa na bunduki za pande mbili, na kila mtu niliyemuuliza alichagua analolijua zaidi. Mimi sikuchagua. Nilizichukua fito nikazipeleka nyumbani, kabla hazijawa kuni za mtu.

Mke wangu alizitaka kwa banda la kuku. Tuligombana juu ya fito zile kuliko tulivyogombana juu ya jambo lolote, na alikuwa na haki yake, zilikuwa zinaziba mlango wa jiko na kuku wetu waliliwa na vicheche. Nilimwambia zina mwenyewe. Akaniuliza, mwenyewe yuko wapi? Nikasema anapita.

Koplo naye aliniuliza. Tulikutana njiani, amekonda, amebakiza siku chache arudishwe kwao. Alisimama akijifanya anafunga kamba za kiatu.

"Yule vivi wangu hajarudi?"

Nikasema hajarudi.

"Mimi nilijua atazunguka tu arudi," akasema akiwa bado ameinama. "Wote walikuwa wanazunguka wanarudi. Ndiyo maana nilimwambia apite."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yeye alijua atarudi, mimi nilijua atarudi, na mwenyewe alijua. Hakuna aliyemfukuza mtu. Nilimpa mkono koplo, sikumwona tena.

Kisha redio ikasema vita vimekwisha. Njia ilikuwa tupu muda mrefu, na wenye baiskeli tuliendesha kwa kasi tuliyokuwa tukiitamani siku zote, hakuna mguu wala laana. Hata hivyo nikifika mkomani mkono wangu uligonga kengele wenyewe. Tarishi alinicheka. Aliuliza namgongea nani.

Asubuhi moja niligonga, nikaona miguu. Ilikuwa imenyooshwa katikati ya njia, yenye vumbi jekundu la mbali, na haikuvutwa. Niligonga tena. Hakuivuta. Nikashuka, nikaikokota baiskeli mchangani kumzunguka, na nilipokuwa namzunguka nikaona macho yake, nikajua huyu ni nani kabla hajasema.

"Ma nabad baa?" akasema.

"Nabad," nikasema.

Aliniuliza kama nimewahi kumwona mama mwembamba mwenye chombo cha maziwa. Nilikaa juu ya mkoma nikamweleza yote, koplo na neno na majivu na lango la shule. Hakulia mbele yangu. Alisema askari walimkamata pamoja na ndama pale kisimani, akafungiwa ndani ya uzio kule Habaswein miaka yote hiyo, na alipoachiwa alitembea moja kwa moja. Nilimwambia mama yake aliagiza asitoke. Nilirudi nyumbani nikazifunga fito kwenye baiskeli, mke wangu akanisaidia kuzishika, na shuleni nikachelewa.

Alipoziona hakuuliza ni za nani. Aliligusa fundo la kwanza, akalipapasa kwa kidole gumba, akasema huyu alikuwa anafunga akienda kushoto, watu wote wanafunga kulia. Halafu akainama, akalifungua kwa meno. La pili. La tatu. Mafundo yote ambayo mama yake hakukubali kuyafungua, aliyafungua mmoja baada ya mwingine, na kamba akaikunja vizuri akaiweka kando. Akaukunja ufito wa kwanza, akauchimbia ncha mchangani, hatua moja kutoka njiani.

Nilimwambia ajihadhari. Chifu mpya alikuwa anatembea akiuliza watu wanaokaa na wanaopita, na sikujua safari hii jibu sahihi ni lipi. Akasema nisiwe na wasiwasi, Kiswahili anakijua, walimfundisha askari wa kule ndani. Alisimama, akapangusa mchanga mikononi, akanionyesha atakavyomjibu.

"Mimi nakaa haba," akasema.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na majivu yalikuwapo pale kwenye jiko alilowasha. Sikumsahihisha.